Maonyesho ya Kulala Chali

Chumbani kwangu, ghorofa ya juu,
Jumapili alasiri.

Kwa Shangazi yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Ni matumaini yangu kwamba zitakukuta mzima, goti limepunguza makelele yake, na wewe umepunguza kulipandisha ngazi za ofisi kana kwamba bado u msichana. Baba naye hajambo? Na kile kikohozi chake cha asubuhi, ambacho yeye husema si kikohozi bali anasafisha koo, kimekwisha? Mimi ni mzima wa afya. Nakula, nafanya kazi, nalala, tena siku hizi nalala vizuri kupita kiasi. Ukiona herufi zimepinda usidhani naumwa. Nimekaa dirishani, jua limeingia hadi kwenye vidole vya miguu, na mkono unaoandika umeanza kusinzia kabla ya mwenyewe.

Katika barua yako uliniuliza jambo moja ukalipigia mstari: nakuja au siji. Najua kiti cha karani pale shuleni kwenu kiko wazi tangu yule mama alipostaafu. Najua mwalimu mkuu amekishikilia kwa heshima yako tu, na kwamba mwisho wa mwezi atakitoa kwa mwingine. Najua pia kuwa mwaka mzima umekuwa ukimtuliza Baba kwa kiti hicho hicho, ukimwambia amwache mtoto azunguke na rangi zake, akichoka atarudi akae. Jibu ninalo, Shangazi, na nitakupa. Ila naomba unisome taratibu, maana nikianza na jibu utaiweka barua chini kabla hujajua lilivyopatikana.

Nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwaka huu nimepiga hodi kuliko nilivyochora. Hiyo ndiyo sehemu ya usanii ambayo hakuna aliyewahi kunieleza: asubuhi unaomba, mchana unasubiri, na kikibaki kijua kidogo ndipo unashika brashi. Ukumbi mmoja wa maonyesho uliniambia unapokea wasanii waliokwisha kuonyesha kazi zao kwingine. Nikauliza, yule wa kwanza kabisa alionyesha wapi? Dada wa mapokezi alifikiri kwa dhati, kisha akanijibu kwamba hajui, yeye ameanza kazi mwezi uliopita. Mwenye hoteli mmoja aliniagiza picha za vyumba vyake vyote, nikatoka pale sikanyagi chini. Siku ya pili yake akanipa kipande cha pazia, akaniomba rangi zangu zisitoke nje ya hapo. Nilichora picha tatu, Shangazi, na zote zilikuwa pazia.

Halafu kuna ule mfuko wa kusaidia wasanii niliokuandikia habari zake. Hatimaye niliitwa kwa mahojiano. Bwana wa mfuko ni mtu mpole, ana tai nyembamba na sauti ya kubembeleza mtoto. Aliniuliza baada ya miaka mitano nitakuwa nimefika wapi, na kazi yangu itakuwa imeigeuza jamii kwa namna gani. Nikamwambia mimi napenda kuchora vitu ambavyo mtu huviona akiwa hana haraka. Akasubiri niendelee. Aliandika neno moja, nadhani, au nusu, kisha akanishauri nikipata maonyesho nimwite, aje aone kwa macho yake ndipo aamue. Nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwaza jinsi ya kupata maonyesho bila kuwa nimewahi kupata maonyesho.

Kilichoniokoa ni jino. Usicheke. Gego la chini upande wa kushoto lilinionyesha cha mtema kuni hadi nikajipeleka mwenyewe kwa daktari wa meno, mimi ambaye unajua vizuri nilivyokuwa nikikimbia hata kijiko cha dawa. Daktari huyo ni mama wa makamo, mkavu wa maneno, mikono yake midogo kama ya fundi saa. Alinilaza kwenye kiti chake, akanichoma sindano ya ganzi, akaniambia tungoje ishike. Basi nikawa nimelala chali natazama dari. Dari jeupe, Shangazi, jeupe tupu, na taa moja, na kidoa cha nzi. Nikafikiria watu wote waliowahi kulala pale kwa hofu, na wote walipewa kidoa cha nzi wakitazame. Uchungu ukanipanda, si wa jino. Nikamwambia daktari, na nusu ya mdomo tayari imekufa, kwamba dari lake ni dhambi. Alinitaka nirudie mara mbili ndipo akaelewa. Akaniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia. Akasema kama ni hivyo nije Jumamosi akishafunga nilirekebishe, na akaniwekea sharti moja: nisichore kitu chochote chenye meno.

Nilipanga meza mbili na ubao juu yake, nikalala. Kuchora dari si kama kuchora ukutani. Rangi inakudondokea usoni, shingo inakufa, na kitu ulichokichora kwa unyoofu kinageuka kichekesho ukikitazama kutoka chini. Nilikuwa nikichora kidogo, nashuka, nakaa kwenye kile kiti, nakiegemeza hadi mwisho, natazama, napanda tena. Mwanzoni nilijaribu mawingu. Yakawa kama pamba za daktari. Nikayafuta. Nikakaa kitini muda mrefu, mikono tumboni, nikijiuliza mimi mwenyewe nililala chali wapi mara ya mwisho bila kuogopa chochote.

Ni uani kwako, chini ya kamba ya nguo. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa ukifua siku nzima, nami nikijilaza kwenye majani chini ya shuka zilizoanikwa, nawe unanikemea kwamba zitanidondokea maji, na kweli zilikuwa zinanidondokea, na sikuondoka. Basi hicho ndicho nilichokichora. Shuka zimejaa upepo, unaziona kwa chini. Jua liko nyuma ya moja, limekuwa doa la njano lisilochoma. Kuna kivuli cha miguu ya ndege aliyetua kwenye kamba. Gauni moja linapumua. Soksi iliyokosa mwenzake. Nilikuwa nikichora huku nasikia harufu ya sabuni, na mara nyingine nikishuka kutoka kwenye ubao nilishangaa kukuta sakafu badala ya majani. Ilinichukua majuma mengi, na siku ya mwisho niliketi kitini nikatazama hadi daktari akanigusa bega, akaniambia lazima afunge.

Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yangu ya kwanza, na watazamaji wake wote walikuwa wameachama. Msanii gani amewahi kupata heshima hiyo? Hakuna aliyeweza kusema neno, maana vinywa vimejaa pamba na vyuma. Ila daktari akawa ananipa habari, kwa ule ukavu wake. Akaniambia watu walikuwa wakishika mikono ya kiti kama wanaotaka kuing'oa, siku hizi wanaiachia. Akaniambia mzee mmoja, baada ya kumaliziwa jino lake, aliuliza kama hakuna jingine la kutazamwa. Nilifurahi, sikufichi. Nilikuwa nikipita nje ya zahanati ile nikitabasamu kama niliyeweka siri mle ndani.

Sasa meno hayachagui mtu. Siku moja alifika pale mkurugenzi wa ukumbi mkubwa wa maonyesho, shavu limevimba, kilemba amekivuta hadi kwenye kidevu. Alilala, akaangalia juu. Alipoweza kuzungumza aliuliza ni nani aliyefanya vile. Juma lililofuata niko ofisini kwake, ananiambia anataka kunipa chumba cha nyuma kwa mwezi mzima, dari lote, nichore kwenye turubai kubwa watakazozitundika juu kwa nyaya. Shangazi, nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za ukumbi ule ambako walinzi walikuwa wamezoea kunitoa, na safari hii mlinzi aliniletea kiti. Nilichora kama mtu anayeota. Turubai nne za nguo, nguo za asubuhi, za saa sita, za jua likielekea kushuka, na za siku ambayo mvua inakuja lakini bado haijaamua. Nikamwalika daktari wangu. Nikamwalika na bwana wa mfuko.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Wanawake wenye vitambaa vizuri, mabwana wenye viatu vinavyong'aa, vinywaji vinapita kwenye sinia. Na kila mtu anamtazama mwenzake. Ndivyo watu walivyo, wakikutana wanatazamana usoni, na mimi nilikuwa nimetundika kazi yangu mahali pekee ambapo hakuna uso. Mmoja au wawili waliinua vichwa, wakashika shingo, wakashusha. Bwana wa mfuko alizunguka chumba chote polepole, mikono nyuma, akizitazama kuta tupu kwa adabu. Kisha akanijia, akaniuliza kwa ile sauti yake ya kubembeleza kama picha zimechelewa njiani.

Nikaona kile kiti cha karani kinanisogelea kwenye magurudumu yake. Sikupanga nilichokifanya, naomba uniamini. Nililala. Pale pale katikati ya chumba, na lile gauni la kijani ulilonishonea, sakafuni, mikono tumboni. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba msanii amezimia. Wakataka maji, wakataka nafasi, mwingine akaanza kunivua kiatu, na mkurugenzi akauliza kama kuna daktari. Daktari wangu akajitokeza, akapiga magoti, akanishika mapigo ya mkono, akanitazama macho. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba sina kitu, natazama tu. Akatikisa kichwa kama aliyepewa maelezo ya kutosha. Akaweka mkoba wake pembeni, akalala kando yangu.

Ndipo wengine wakaanza. Kwanza msichana wa vinywaji, na sinia yake kifuani. Kisha wanandoa wawili wakishikana mikono ili washuke vizuri. Kisha wote, kwa kuombana radhi, kwa kukunja magauni, kwa kupanga viatu. Kukawa kimya. Feni ilikuwa inazitikisa turubai kidogo tu, na zile shuka zikawa zinajaa na kupwaya, zinajaa na kupwaya. Hakuna aliyekuwa mkubwa wala mdogo mle ndani, sote tulikuwa watoto chini ya kamba. Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa na furaha, Shangazi, furaha nzito ya kunifanya nisitake kusogea. Katikati ya ukimya ule tukasikia mkoromo. Bwana wa mfuko alikuwa amelala fofofo, tai yake imeanguka begani, mdomo wazi. Hatukumwamsha. Aliamka mwenyewe, akajifuta kidevu, akaondoka bila kumuaga mtu.

Jibu lake lilikuja haraka. Aliandika kwa upole kwamba wanathamini juhudi zangu, ila mfuko husaidia kazi zinazoiamsha jamii, na yangu kwa bahati mbaya haimwamshi mtazamaji. Nilicheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikalia, na kile kilio hakikuwa na utani ndani yake. Ukumbi nao mwezi wake ukaisha. Wengi walisifu, hakuna aliyenunua, maana ni nani anayenunua dari? Nikazikunja turubai zangu, nikaziegemeza hapa ukutani, nikatoa begi chini ya kitanda. Hilo ujue pia. Nguo zangu zilikuwa zimeshaingia begini, na lile gauni la kijani likiwa juu kabisa, siku aliyonijia muuguzi mkuu wa hospitali.

Ni rafiki wa daktari wangu. Alipanda ngazi zote hizi na mwili wake mkubwa, akakaa kitandani kwangu akihema, na alipopata pumzi akaniuliza kama ni kweli kwamba mtu mzima alilala usingizi kwenye sakafu ya simenti, na viatu miguuni, katikati ya watu. Nikamwambia ni kweli, tena alikoroma. Akauliza kama alikuwa amekunywa. Nikasema alishika maji tu. Akaniambia ana wodi ya waliovunjika mifupa, watu waliofungwa plasta, miguu imening'inizwa, hawawezi hata kugeuka ubavu. Wengine miezi. Akasema hao hawataki kuamshwa, wameamka mno. Usingizi wao wote unatoka kwenye vidonge. Akaniomba nikajaribu dari moja tu.

Nilikwenda. Walisogeza vitanda viwili viwili, wakanifungia jukwaa la mbao lenye magurudumu. Nimekwambia nimewahi kuwa na watazamaji walioachama, hawa walikuwa na midomo, na hawakuninyima. Mwanamke aliyevunjika nyonga alitaka bluu iongezwe, siku ya pili akataka ipunguzwe. Kijana wa pikipiki aliomba nimchoree jezi ya timu yake kwenye kamba, timu pinzani ikapata shabiki wake kitanda cha pili, ikabidi nichore zote mbili na shuka pana katikati. Lakini kulikuwa na mwashi mmoja aliyeanguka kutoka jengo alilokuwa akilijenga, miguu yote miwili kwenye plasta. Yeye hakuomba kitu. Wauguzi waliniambia haongei, na akifumba macho anaanguka upya, kwa hiyo hafumbi. Nilikuwa juu yake, nachora ukingo wa shuka, naona macho yake yanafuata brashi inavyokwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Ilikuwa alasiri kama hii. Niliposhusha macho, alikuwa amelala. Si yeye tu. Yule wa bluu amelala, mashabiki wote wawili wamelala. Muuguzi wa zamu alisimama mlangoni, akanipungia mkono nisishuke, kwa sababu lile jukwaa hulia likiguswa. Basi nikajilaza juu ya ubao wangu, pua karibu na rangi mbichi, na chini yangu nikasikia wodi nzima inapumua. Sikufanya kitu kingine chochote hadi jioni. Sijawahi kuwa mahali nilipohitajika kiasi kile, Shangazi, na kazi yangu yote ilikuwa ni kutotikisika.

Sasa jibu lako. Hospitali imeniajiri. Katika orodha yao ya kazi hakuna kitu kinachoitwa msanii, walitafuta, wakaniweka idara ya matengenezo, pamoja na mafundi bomba. Kazi yangu inaitwa mpaka rangi. Nimepewa ovaroli ya kijivu iliyonizidi mikono, na wodi zote za ghorofa mbili, moja baada ya nyingine. Nimetia saini. Na kuna jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Nimeshamwandikia mwalimu mkuu. Nimemshukuru, na nimemwambia kile kiti ampe mwingine, asingoje mwisho wa mwezi. Huenda barua yake imefika kabla ya hii, na huenda umesikia habari zangu kutoka kwake ukiwa umesimama mlangoni kwake na mafaili mkononi. Kama ndivyo, nisamehe kwa hilo.

Sikukuuliza kwanza, na si kwa sababu nilikusahau. Baba akiniambia nirudi, nakasirika nakaa. Bwana wa mfuko akinikataa, nalia nanyamaza. Lakini wewe, Shangazi, ukiniambia rudi, narudi. Ningerudi siku hiyo hiyo na rangi bado kwenye nywele. Ndiyo maana sikuthubutu kukuuliza.

Naomba sasa unifanyie moja. Miaka yote hii umenitetea mbele ya Baba, hadi nadhani sasa anazijua hoja zako kwa moyo. Safari hii usinitetee. Mwambie binti yake ni mpaka rangi hospitalini, halafu unyamaze. Akiuliza, mwache aulize. Akiuliza mara ya pili, mpe nauli aje alale chini ya dari langu mwenyewe, na kama hatasinzia, nitavua ovaroli nirudi naye.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia, na wasioniulizia uwasalimie zaidi. Msalimie Baba, mwambie asafishe koo taratibu. Goti lako lipumzishe. Jua limeshatoka miguuni mwangu limepanda ukutani, na kesho naanza wodi ya wazazi, ambako nimeambiwa watoto nao hulala chali.

Ni mimi mwanao nikupendaye,

Kidoti